Nirudie Kidato cha Nne au niende uuguzi?

Shangazi, mimi ni msichana wa Masalani, Ijara. Katika KCSE nilipata A- ya pointi 76: Kiswahili na Dini ya Kiislamu A, Biolojia na Jiografia A-, Kiingereza, Hisabati na Kemia B+. Nilitaka udaktari, KUCCPS ikanipa uuguzi. Abti wangu, yaani mjomba, anayeishi Garissa anataka nirudie nipate A safi. Baba anasema nisiachie kilicho mkononi. Nifanyeje?

Mwanangu, kwanza pokea hongera, maana naona nyumbani kwenu wamesahau kukupa. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa walizidi 960,000 na waliopata A walikuwa 1,693 tu.

A safi huanzia pointi 81, kwa hiyo abti anakudai tano zaidi. Lakini udaktari hauulizi herufi hiyo. Unauliza masomo manne: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Wewe unabebwa na Kiswahili, kwa hiyo una 43 kati ya 48. Walimu wengi hukadiria klasta, yaani alama ambazo KUCCPS hutumia kugawa nafasi, hivi: 43 gawanya kwa 48, zidisha kwa 76 gawanya kwa 84, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Yako inakuja kama 43.2. Ukirudia ukaongeza pointi tatu za Kiingereza na Jiografia, utafika 44.1. Hizo tatu zikitoka Kemia na Hisabati, utafika 45.6. Kote kuwili jumla ni 79 na cheti kitasema A- ile ile. Mwonyeshe abti hesabu hiyo.

Basi swali si kama una akili ya kurudia. Swali ni utarudia wapi. Katika Kemia, Karatasi ya Tatu, ile ya maabara, peke yake ina alama 40 kati ya 100. Pale mtahiniwa anafungua bureti tone kwa tone mpaka rangi igeuke, anasoma kipimo, anajaza jedwali kwa desimali zinazolingana, na jibu lake linalinganishwa na la mwalimu. Mkono haujifunzi hilo kwa kusoma kitabu usiku. Na wewe unajua hali ya huko kwenu kuliko mimi: tangu 2020, TSC ilipowahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera kwa sababu ya usalama, shule nyingi zilibaki zikitafuta mwalimu wa sayansi kwa tochi. Kama B+ yako ya Kemia uliipata bila kugusa bureti mara nyingi, hapo pana nafasi ya kupanda. Kama ulifundishwa vizuri na ukafika hapo, mwaka mwingine huenda ukakurudisha pale pale, au chini, kwa sababu ukitaka gredi mpya unafanya masomo saba yote upya. Zile A mbili nazo zinarudi mezani.

Usijisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi ukasomee nyumbani. Binti aliyekaa nyumbani mwaka mzima hupewa wadogo wa kulea na maji ya kuteka, na kabla ya Oktoba wachumba wamefika kunywa chai. Abti kama ana nia, alipe karo ya shule ya bweni yenye maabara inayofanya kazi na mwalimu wa Kemia aliyeajiriwa, si wa kuahidiwa. Na msikawie, kwani KCSE ya mwisho ya mfumo wa 8-4-4 ni ya 2027.

Abti akikutajia shule hiyo kwa jina na akalipa kabla usajili wa watahiniwa haujafungwa, rudia. Akisema "tutaona", baba yako ana haki: funga sanduku uende ukasome uuguzi.