Akiba ya Mwili wa Ng'ombe wa Maziwa Anapokaribia Kuzaa

Ndugu wanachama, msimu wa kuchuma unapofika kila mwenye nguvu huwa juu ya mkarafuu, na ng'ombe aliyeachishwa kukamuliwa ndiye husahauliwa kwanza. Twasema: huyu hana maziwa sasa, atakula majani yatakayopatikana. Na huyo ndiye tutakayemzungumza leo.

Mimba ya ng'ombe ni miezi 9 na siku chache. Ndama hukua zaidi katika miezi 2 ya mwisho, na siku za kuzaa zikikaribia hamu ya mama ya kula hupungua. Akisha kuzaa, maziwa hupanda upesi, yakafika kilele baina ya wiki ya 4 na ya 8. Kula kwake hakupandi hivyo. Huchelewa nyuma ya maziwa kwa wiki kadhaa. Katika pengo hilo ng'ombe hula mwili wake mwenyewe. Huu si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Kilicho kibaya ni kukosa akiba, au kuwa nayo kupita kiasi.

Akiba zake ni 2. Ya kwanza ni mafuta, yaliyo chini ya ngozi na ndani ya tumbo. Ya pili ni misuli, yaani nyama yenyewe, na hii wengi wetu hatuihesabu. Mafuta hutoa nguvu, lakini hayatoi protini ya maziwa, na sukari hutoa kidogo tu. Hivyo viwili hutoka katika chakula; chakula kisipotosha, mwili huvunja misuli ili uvipate. Misuli yaweza kuanza kupungua hata kabla ya kuzaa. Ng'ombe aliyekonda wakati huo hana cha kutoa: maziwa huwa haba, naye hukawia kutaka dume, na ndama wa pili akachelewa miezi mingi.

Je, tumnenepeshe basi? La, hasha. Aliyenona mno hula kidogo zaidi baada ya kuzaa, na mafuta humwagika kwa wingi katika damu. Ini halimudu kuyachoma yote. Mengine hujaa humo humo. Utamwona akiacha pumba na kuchagua majani tu, maziwa yakishuka, na pengine pumzi yake ikinuka utamu kama tunda lililoiva mno. Hapo mwite bwana mifugo siku ile ile.

Tumbo lisikudanganye, maana mimba na majani hulijaza hata kwa ng'ombe aliyekonda. Tumia mkono. Papasa kiuno, ncha za mifupa iliyo baina ya mbavu na nyonga, kisha shina la mkia. Wataalamu hutoa alama tangu 1, mifupa mitupu, hata 5, mafuta matupu. Siku ya kuzaa yafaa awe 3 au kupita kidogo: ncha za mifupa huzigusi mpaka ubonyeze. Baada ya kuzaa asipungue zaidi ya nusu alama, au 1 kwa shida sana.

Aliyekonda arudishwe mwili angali akikamuliwa, miezi ya mwisho ya maziwa. Kisha muachishe siku 60 kabla ya kuzaa, na katika siku hizo mtunze alivyo, asinenepe wala asikonde. Mpe majani mabichi ya kutosha, majani ya lukina na mashudu ya nazi kidogo kwa ajili ya misuli, na maji wakati wote. Wiki 2 au 3 za mwisho mzoeshe pumba kidogo kidogo; kumjazia ghafla baada ya kuzaa humharibu tumbo.

Yote haya hayawezekani kwa asiyejua tarehe. Siku ng'ombe anapopandwa, iandike ukutani mwa banda, uhesabu, nawe utajua mapema kama kuzaa kutaangukia msimu wa karafuu, upate kumweka mtu mmoja wa kukata majani kabla wengine hawajaenda shamba.