Mwembe wa Nyumbani Katika Kiangazi cha Kwanza

Miembe mikubwa ya Tabora na Kwihara ni ukumbusho wa misafara ya karne ya 19. Mwembe uliokwisha kushika mizizi hustahimili kiangazi chetu. Mche mchanga hufa. Hapo ndipo wengi hupoteza taabu yao.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, kisha panda mvua za Novemba zikishika. Zungushia miiba, maana mbuzi hangoji ruhusa. Mei hadi Oktoba mwagilia nusu debe mara mbili kwa juma, jioni. Maji yaliyooshea mboga yafaa. Tandaza nyasi, lakini ziache shubiri moja mbali na shina, zisije zikaleta mchwa. Ukiona udongo wa mchwa shinani, upanguse siku ile ile.