Mwezi unajizungusha, Tesla alikosea

Wapo wanaodai kuwa mwezi haujizungushi kwenye mhimili wake, ati kwa sababu tangu enzi za mababu tunauona uso ule ule. Dai si geni. Mwaka 1919 Nikola Tesla, bingwa wa umeme, aliliandikia makala katika jarida la Marekani, na hadi leo hutajwa kana kwamba jina lake ni ushahidi. Kisha utasikia: kama wanafalaki wametudanganya hapa, hata hesabu zao za kuandama kwa mwezi ni za uongo. Suala la mwandamo lina hoja zake za kifiqhi. Hii si mojawapo.

Ndugu msomaji, jaribu mwenyewe. Weka sinia katikati ya chumba, ulizunguke huku ukilitazama muda wote. Ukimaliza utakuwa umeelekea kuta zote nne. Aliyekaa penye sinia ameona uso wako tu, lakini umegeuka, tena mara moja kamili. Sasa zunguka ukielekea ukuta mmoja tu bila kugeuka. Safari hii ataona na kisogo chako.

Mwezi huizunguka dunia kwa siku 27 na theluthi, na hujizungusha kwa muda huo huo. Mvuto wa dunia ndio uliopunguza kasi yake hadi mizunguko hiyo ikalingana. Kisogo chake kilipigwa picha mara ya kwanza Oktoba 1959 na chombo cha Warusi, Luna 3. Januari 2019 chombo cha China, Chang'e 4, kilitua huko huko, ambako usiku mmoja huchukua takribani wiki mbili.