Mke wa Kiongozi Hakupigiwa Kura

Mtu akipewa uongozi, nyumba yake nzima huonekana. Leo tujifunze habari za mke wa kiongozi. Mfano wetu ni Bi Fatma Karume wa hapa Unguja.

Mumewe, Sheikh Abeid Amani Karume, alikuwa Rais wa kwanza wa Zanzibar baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964. Basi Bi Fatma akawa mke wa Rais. Hakuomba cheo hicho wala hakupigiwa kura, lakini macho ya watu yakawa kwake pia.

Tarehe 7 Aprili, 1972, Sheikh Karume alipigwa risasi akafa, pale Kisiwandui, makao makuu ya chama cha Afro-Shirazi. Nchi ilipoteza Rais. Bi Fatma alipoteza mume. Msiba wa mtu mwengine huwa wa mtaani, tena eda ikisha watu hunyamaza. Msiba wake yeye hurejea kila mwaka. Tarehe 7 Aprili ni siku ya mapumziko, na viongozi husoma hitma Kisiwandui mbele ya watu wote.

Mwaka 2000 mtoto wake, Amani Abeid Karume, alichaguliwa kuwa Rais, akaongoza mpaka 2010. Bi Fatma akatazamwa tena, safari hii kama mama wa Rais.

Tunajifunza nini? Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984 inataja kazi za Rais. Mkewe haikumpa amri yoyote. Kwa hiyo ukitaka kiwanja au nafasi ya skuli, usipite mlango wa nyuma kwa mke wa mkubwa. Nenda ofisini, ndiko kwenye haki yako. Tena, kama serikali imekosea, muulize uliyemchagua. Kumsengenya mkewe kwa nguo zake au mwendo wake hakuleti maji kijijini.

MANENO YA KUJIFUNZA
Eda: muda wa mjane kukaa baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi.
Hitma: kisomo cha kumwombea marehemu.
Kusengenya: kumsema mtu vibaya naye hayupo.

MASWALI
1. Sheikh Karume aliuawa wapi, na mwaka gani?
2. Kwa nini msiba wa Bi Fatma si kama wa mjane mwengine?
3. Jadilianeni: mke wa sheha wenu akiombwa kiwanja, ajibu nini?