Piriton, usukani na kifungu cha 44

Dereva wa matatu ameamka macho yanamwasha, pua inachuruzika kwa vumbi la kiangazi. Anameza tembe ya Piriton, dawa ya mzio, na kuingia barabarani. Saa nne asubuhi analigonga gari lililo mbele yake. Askari wa trafiki anampulizisha alcoblow: sufuri. Je, ameponea hapo?

La. Alcoblow hupima pombe tu, lakini kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, kinataja kileo au dawa. Kinachoulizwa ni kama kitu hicho kilikuathiri hadi ukashindwa kulimudu gari. Kuandikiwa na daktari hakukukingi, na wa bodaboda naye yumo. Adhabu yaweza kufika faini ya shilingi 500,000, kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Hata hivyo, kumeza dawa pekee si kosa. Ni juu ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba ulishindwa.

Haki yako huanzia kwenye duka la dawa. Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji ili bidhaa imfae ipasavyo. Basi uliza bila haya: "Hii inaleta usingizi? Mimi ni dereva." Anayekuhesabia tembe kutoka kwenye mkebe na kukufungia kwenye karatasi bila jina wala maelezo amekunyima haki hiyo, na kwangu mimi ajali nyingine huanzia pale kaunta. Dawa za mzio za kizazi cha zamani kama Piriton huingia kwenye ubongo, ndiyo maana hulaza; ukimeza usiku, uzito wake waweza kukufuata hadi asubuhi, na bia huuzidisha. Loratadini na feksofenadini, nazo za mzio, hazilazi sana. Setirizini wengine huwalewesha usingizi, wengine wasihisi kitu, kwa hiyo ijaribu siku ambayo huendeshi.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 inataka uambiwe sababu mara moja kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza, kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata muda huo ukiishia nje ya saa za kazi. "Nilisinzia kidogo tu, afande" ni maneno yanayoweza kukurudia kizimbani. Daktari anayekutibu, yeye mwambie ulimeza nini na saa ngapi.