Uliishi Uingereza? Soma Hapa Kabla ya Kuchangia Damu

Kama uliishi Uingereza kati ya 1980 na 1996, huenda uliwahi kwenda kuchangia damu Marekani, Kanada au Australia ukarudishwa. Sababu ilikuwa kichaa cha ng'ombe. Mwaka 1996 Uingereza ilitangaza ugonjwa mpya wa ubongo kwa binadamu, vCJD, uliohusishwa na nyama ya ng'ombe hao. Hauna tiba. Nchini humo umeua watu 178.

Katazo hilo la ukaazi sasa limeondolewa. Marekani ilibadilisha mwongozo wake Mei 2022, Australia ikafuata Julai mwaka huohuo, Kanada Desemba 2023. Kwa hiyo rudi ukaulize. Lakini piga simu kwanza, usiende moja kwa moja, maana jina lako linaweza kuwa bado limezuiwa kwenye kompyuta zao. Waambie: “Nilikataliwa kwa sababu niliishi Uingereza, naomba mniangalie upya.” Subiri wakujibu, ndipo upange siku.

Ukiwa unaishi Uingereza kwenyewe, swali lako ni jingine kabisa: je, umewahi kuongezewa damu tangu tarehe 1 Januari 1980? Kama ndiyo, au unahisi huenda ndiyo, huruhusiwi kuchangia. Haijalishi uliongezewa London au Muhimbili.

Hapa ndipo wengi wetu tunapopitiwa. Afrika Mashariki mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria huongezewa hospitalini, naye akikua hakumbuki chochote. Mpigie mama, shangazi au yeyote aliyekulea. Muulize waziwazi: “Nilipolazwa nikiwa mdogo, niliongezewa damu?” Kama ulijifungua kwa upasuaji au ulitokwa na damu nyingi, tafuta karatasi za hospitali au muulize aliyekuuguza. Fanya hivyo nyumbani, siku kadhaa kabla. Kwenye foleni hutakuwa na nafasi ya kukumbuka vizuri.

Mbona ukali wote huu? Kwa sababu vCJD ilishapita kwenye damu. Uingereza wamepatikana watu 4 walioambukizwa kwa kuongezewa damu, na waliowachangia walionekana wazima siku ile. Waliugua baadaye, baada ya miaka.

Usitegemee maabara ikusaidie. Damu hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Kwa vCJD, hakuna kipimo kinachotumika kupima damu za wachangiaji. Mgonjwa anayesubiri chupa ile analindwa na majibu yako kwenye fomu. Yaandike kwa ukweli wote, hata yakikufungia mlango.

Mwambie muuguzi pia kama ulitibiwa utotoni kwa homoni ya ukuaji, hasa kabla ya 1985, maana zamani ilitolewa kwenye vichwa vya maiti. Mwambie kama ulipasuliwa ubongo au uti wa mgongo miaka ya nyuma, au kama kuna ndugu wa damu aliyefariki kwa ugonjwa wa aina hii. Usijiamulie mwenyewe kwamba ni jambo dogo. Kazi ya kuamua ni yao.

Uchangiaji wa msikitini, kanisani au kazini una shinikizo lake. Umekwenda na wenzako, wote wanalala kitandani, unaona aibu kubaki nje. Mwombe muuguzi mzungumze pembeni. Hana ruhusa ya kutoa siri yako, na hakuna anayepaswa kujua kwa nini hukuchangia.

Umeshachangia, umefika nyumbani, ndipo ukakumbuka? Piga simu siku hiyohiyo kwa namba waliyokupa. Wataizuia damu yako isitumike.

Ukikataliwa, usiogope. Haina maana kwamba wewe ni mgonjwa. Na ukiwa wewe ndiye unayelala hospitalini, daktari akasema unahitaji damu, ikubali. Tangu 1999 Uingereza huchuja seli nyeupe kwenye damu yote inayochangiwa, kwani zinaweza kubeba maambukizi ya vCJD. Kuikosa damu unayoihitaji ni hatari kubwa zaidi.

Na kama wewe huruhusiwi kuchangia, tafuta mtu wa kuchangia badala yako. Wagonjwa wa selimundu nchini Uingereza wanahitaji sana damu ya aina ndogo iitwayo Ro, ambayo hupatikana zaidi kwa watu weusi, na wachangiaji weusi bado ni wachache. Mwambie mdogo wako, binamu yako, rafiki yako ambaye hajawahi kuongezewa damu. Mwandikishe wiki hii, na mpeleke mwenyewe.