Siku Tatu Unguja kwa Msanifu: Fuata Maji

Unasomea usanifu majengo, au una ofisi yako ndogo, na unataka kuona nyumba zinazokaa na mazingira bila kuyaharibu. Nenda Unguja. Siku tatu zinatosha ukijipanga.

Chagua kitu kimoja cha kufuatilia. Ukitaka kuona kila kitu utarudi na picha tu. Mimi nakushauri maji: yanatoka wapi, yanakaa wapi, yanaishia wapi. Kisiwani swali hilo halikwepeki.

Panga msimu. Epuka masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Septemba kusi inavuma na jua ni la wastani. Desemba hadi Februari ni kaskazi na joto. Ukitaka kujua kama nyumba inapitisha hewa kweli, nenda wakati wa joto.

Kwanza weka nafasi kisiwani Chumbe, utakakokwenda siku ya tatu. Kisiwa hicho, ambacho matumbawe yake yamehifadhiwa tangu 1994, kina nyumba saba tu za wageni. Kundi kubwa liombe ziara ya mchana. Tuma barua ya chuo au ofisi mapema na useme wazi: tunataka kuonyeshwa mifumo ya maji, vyoo na umeme.

Beba vichache. Tepu ya mita 5, daftari lisilo na mistari, penseli, dira na kipimajoto kidogo. Drone iache nyumbani: inahitaji kibali, na ndege hawaipendi.

Siku ya kwanza, Mji Mkongwe. Pima unene wa kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Kisha pima upana wa vyumba. Utaona vingi ni vyembamba na virefu, kwa sababu urefu wa boriti za mikoko ndio uliopanga upana. Soma joto uchochoroni, kisha barabarani kwenye jua. Andika tofauti.

Siku ya pili, Jozani. Asubuhi tazama kima punju msituni, ukiwa mbali nao. Kisha pita kwenye njia ya mbao juu ya mikoko. Hapo chora jambo moja: nguzo zinavyokaa kwenye tope huku maji yakijaa na kupwa chini yake. Angalia kwanza saa za maji, uyakute yanapojaa.

Siku ya tatu, Chumbe. Simama chini ya paa na ufuate tone la mvua. Paa linakinga maji, yanachujwa, yanahifadhiwa kwenye tangi chini ya sakafu. Maji ya kuogea yanaishia kwenye vitanda vya mimea vinavyoyasafisha kabla hayajafika baharini. Choo ni cha mboji, hakivuti maji kabisa. Taa ni za sola. Chora yote hayo kwenye mkato mmoja, na uweke vipimo.

Zungumza na mafundi. Toa salamu kwanza, shikamoo kwa aliyekuzidi umri, ndipo uulize. Maswali matatu yanatosha: Kipi huharibika kwanza? Makuti hubadilishwa baada ya muda gani? Vifaa hununuliwa wapi? Majibu yake huyapati kwenye ramani ya jengo. Omba na namba ya simu ya fundi.

Heshimu mahali. Vaa nguo za stara mjini na vijijini. Piga picha ya mtu au nyumba yake kwa ruhusa. Usikanyage matumbawe, usiokote kombe.

Jioni ya mwisho kaa kwenye bustani ya Forodhani, Mji Mkongwe, funga daftari, uchore upya mkato wa Chumbe kutoka kichwani. Utakapokwama, hapo hujaelewa. Mpigie fundi kabla hujapanda boti ya kurudi.